Jiko Lenye Moyo wa Udongo

Wanubi, ndugu zetu Waislamu, waliiita Kibera “Kibra”, yaani msitu. Msitu huo haupo tena. Sasa ni mabati kwa mabati, na kuni zimeshika njia ya miti. Huko, na Kawangware pia, nimeona chumba kimoja chenye watu watano, na seredani katikati ndiyo jiko na ndiyo blanketi. Julai ya Nairobi, msomaji wa pwani, huingia mifupani.

Seredani ya kale ilikuwa bati tupu: joto likipotea ubavuni, makaa yakiisha maharage hayajaiva. Miaka ya 1980 mafundi wa jua kali wa Nairobi waliligeuza jiko la ndoo la Thailand, likawa lao. Bati hukatwa lenye kiuno; juu ya kiuno huketishwa bakuli la udongo uliochomwa, lenye matundu ya kupitisha jivu, kisha huunganishwa kwa simiti. Udongo hushika joto, na makaa hupungua hata kwa theluthi.

Lakini jiko hili halina dohani. Makaa mekundu hayawashi macho, bali hutoa hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu. Anayelala nalo mlango ukiwa umefungwa huenda asiamke. Bakuli huokoa fedha, haliokoi roho.

Basi wenye wana huko bara, mkituma salamu tumeni na wasia: wakati wa kupika dirisha liwe wazi, na kabla ya kulala jiko litoke nje. Baridi hustahimilika.