Mbona Tumbili Hurudi Shambani?
Huku Busia na Tororo kila mwenye shamba la mahindi ajua: tumbili akifukuzwa asubuhi, jioni hurudi. Je, ni ujinga? Hasha! Katika ubongo wa kima mna chembe zitoazo kemikali iitwayo dopamini. Mwaka 1997 Wolfram Schultz na wenzake walieleza kwamba chembe hizo hushtuka kima apatapo maji ya matunda asiyoyatazamia. Akizoea kuonyeshwa ishara kwanza, hushtuka kwa ishara yenyewe. Na maji yasipokuja, hunyamaza. Sehemu nyingine, amigdala, hushughulika na hofu. Tumbili huona hindi, hukumbuka mbwa, ndipo huchagua. Nasi wanadamu tunazo sehemu hizo. Basi ndugu, ukionyeshwa fedha za magendo mpakani, moyo ukaruka, jua umeona ishara tu. Mbwa umemkumbuka?