Mkakati wa Pamoja wa Taka: Mambo ya Kuhoji
Taka za kaya hazitambui mipaka ya halmashauri. Jijini Dar es Salaam, manispaa jirani hutegemea dampo la Pugu Kinyamwezi. Mabaki ya chakula yanayosafirishwa hadi huko hutumia mafuta, na gharama hiyo humrudia mwananchi katika ada ya taka. Hivyo, halmashauri zinapohuisha mkakati wao wa pamoja, tunawashauri wananchi wahoji mambo matatu: ada itakuwa kiasi gani, gari litapita siku zipi, na taka zilizotenganishwa zitapelekwa wapi. Jibu la swali la tatu ndilo lenye uzito zaidi, kwani chupa na mabaki ya chakula vikichanganywa tena garini, juhudi za kaya hupotea bure. Ikitokea hivyo, toeni taarifa katika ofisi ya serikali ya mtaa, mkiwa na risiti za malipo.