Je, Wajua? Bonsai iliyogugunwa na panya

Je, wajua kwamba panya au sungura akiguguna gome la bonsai, hatari kubwa ni jeraha kulizunguka shina, si kurefuka juu na chini? Gome la ndani ndilo hushusha sukari kutoka majanini hadi mizizini. Likiondolewa duara zima, mizizi hufa njaa polepole huku majani yakibaki ya kijani kwa muda, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Tiba huanza na kisu kikali, kisafi. Punguza kingo zilizochanika hadi ufikie gome bichi lisilojeruhiwa, kisha zipake dawa ya kuzibia vidonda vya miti zisikauke. Gome jipya litaota kutoka pembeni. Jeraha likiwa limefunga duara, hupandikizwa vitawi vichanga vya mti huohuo, ncha moja chini ya jeraha na nyingine juu yake, vipitishe chakula.

Kati ya miti ya bonsai, mreteni ni mgumu kufa: ukanda mmoja tu wa gome hai waweza kuutosha. Mafundi wa Japani huiacha wazi sehemu iliyokufa na kuipaka maji ya chokaa na salfa, isioze, iwe nyeupe. Urembo huo huitwa shari, na wapo wanaouchonga kwa makusudi.