Ndege ya Mti Darasani

Mwalimu atakayepangwa kufundisha katika shule ya kijijini, tuseme Kilangala mkoani Lindi, hana budi kujiuliza mapema: atafundishaje habari za vyombo vya angani mahali ambapo watoto wengi huiona ndege ikipita juu tu, ndogo kama mwewe? Njia iliyozoeleka ni kuchora ndege ubaoni na kuwaandikisha wanafunzi majina ya sehemu zake. Njia hiyo si mbaya, lakini haitoshi. Mtoto aweza kukariri mabawa, mkia na injini, akafaulu mtihani, wala asijue kwa nini chombo kizito hakianguki. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi ndege ndogo ya mti, iliyochongwa na wanafunzi wenyewe, iwezavyo kufundisha sayansi, hesabu na historia kwa pamoja. Na zaidi ya hayo, jinsi iwezavyo kumfundisha mtoto kutofautisha kukisia na kujua.

Kwanza yafaa tutenganishe mifano ya namna mbili. Kuna mfano wa kutazamwa, ambao hupakwa rangi ukawekwa juu ya kabati. Huo huonyesha umbo. Kuna na mfano wa kurushwa, ambao aghalabu hauna uzuri, lakini hujibu maswali. Walimu wengi hupenda ule wa kwanza kwa sababu huwapendeza wakaguzi. Sisi twashauri kazi ianze na ule wa pili.

Kuchagua mti

Pwani ya Kilwa na Lindi haina upungufu wa miti, na uchaguzi wa mti ni somo kamili. Mwalimu atafute kipande cha mpingo na kipande cha msufi vyenye ukubwa sawa, avitie katika ndoo ya maji mbele ya darasa. Mpingo utazama, msufi utaelea. Wanafunzi wavishike mkononi kabla ya jaribio na kusema watarajiavyo. Hapo watatambua wenyewe kwamba mti mzuri kwa mchonga vinyago si lazima uwe mzuri kwa mwunda ndege.

Ikiwa kijijini yuko fundi wa mashua au seremala, mwalimu amwalike. Mzee huyo ajua kupasua ubao mwembamba kwa kufuata nyuzi za mti, ajambo ambalo vitabu vingi havilielezi. Pasipo na karatasi ya msasa, majani makavu ya mti wenyewe uitwao msasa yatatosha kulainishia.

Kuchonga na kurusha

Vipimo vifuatavyo vyafaa kwa kuanzia. Kiwiliwili kiwe kijiti chenye urefu wa sentimita 30. Bawa liwe ubao mmoja wenye urefu wa sentimita 36, upana wa sentimita 7 na unene usiozidi milimita 3. Mkia wa kulala uwe na urefu wa sentimita 14 na upana wa sentimita 4, na juu yake usimamishwe mkia mdogo wa wima. Nyuma ya mkia wa kulala kibandikwe kipande cha karatasi ngumu kiwezacho kukunjwa juu au chini. Puani pabandikwe udongo wa mfinyanzi, uongezwe au upunguzwe mpaka ndege, ikishikiliwa kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, itulie sawasawa. Vidole viwe karibu theluthi moja ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele.

Ndege irushwe polepole, pua ikielekea chini kidogo, mahali pasipo upepo. Mara ya kwanza huenda ikaanguka. Hapa ndipo kazi ya mwalimu ianzapo. Wanafunzi watapiga kelele: ongeza udongo, kunja mkia, sogeza bawa! Wakiruhusiwa kufanya yote kwa pamoja, na ndege ikaruka, hakuna atakayejua ni lipi lililoiponya. Kwa hiyo iwekwe kanuni moja: kila mrusho hubadilishwa jambo moja tu, na matokeo huandikwa. Ndege ikiinua pua kisha ikaanguka, udongo uongezwe kidogo. Ikichomoka moja kwa moja kwenda chini, udongo upunguzwe, au karatasi ya mkia ikunjwe juu kidogo. Si yote mawili. Umbali wa kila mrusho upimwe kwa hatua au kwa kamba, kisha wastani utafutwe katika kipindi cha hesabu.

Kutoka mti hadi jeti

Wanafunzi wakisha kushika ndege mikononi, historia haitakuwa tena orodha ya tarehe. Nayo yaweza kuanzia nyumbani. Tangu mwaka 1937 ndege za kutua majini za shirika la Imperial Airways, zilizosafiri kati ya Uingereza na Durban, zilikuwa zikitua Lindi baada ya Mombasa na Dar es Salaam. Ziliendeshwa kwa rafadha, na safari nzima ilichukua siku kadhaa. Shirika la East African Airways nalo lilianza kazi mwaka 1946 kwa ndege ndogo aina ya Dragon Rapide, zilizoundwa na kampuni ya de Havilland ya Uingereza. Kiwiliwili chake kilikuwa cha mbao, na mabawa yalifunikwa kwa kitambaa. Mwanafunzi anayechonga msufi asidhani kwamba anafanya mchezo tu.

Wakati huo injini ya jeti ilikwisha gunduliwa. Frank Whittle nchini Uingereza na Hans von Ohain nchini Ujerumani waliifanyia kazi kila mmoja peke yake, na ndege ya kwanza ya jeti iliruka Ujerumani mwaka 1939. Kanuni yake yaweza kuonyeshwa kwa puto: likijazwa hewa na kuachiwa, hewa hutoka nyuma kwa nguvu, nalo puto hukimbilia mbele.

Kampuni ile ile ya de Havilland ndiyo iliyounda Comet, ndege ya abiria yenye injini nne za jeti, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1949. Tarehe 2 Mei 1952, Comet ya shirika la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria. Ilikuwa huduma ya kwanza duniani ya ndege ya jeti kwa abiria wa kulipa nauli, nayo ilipitia Afrika Mashariki, kwa kutua Entebbe. Safari yote ilichukua chini ya saa 24.

Kisha yakaja maafa. Tarehe 10 Januari 1954, ndege ile ile iliyofungua huduma hiyo ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Comet zilisimamishwa. Wahandisi hawakuwa wamejua sababu. Walikisia mengi, wakarekebisha sehemu nyingi, na tarehe 23 Machi ndege zikaruhusiwa kuruka tena. Tarehe 8 Aprili Comet nyingine ilianguka baharini kusini ya Naples, watu 21 wakafa.

Safari hii hawakukisia. Huko Farnborough, Uingereza, walichukua Comet nzima, wakaizamisha kiwiliwili chake katika tangi kubwa la maji. Maji yalisukumwa ndani na kupunguzwa, tena na tena, kuiga jinsi ndege inavyojazwa hewa ipandapo juu na kupunguziwa ishukapo. Baada ya jumla ya safari zipatazo 3,000, za kweli na za kuigizwa, ganda la metali lilipasuka, na ufa ulianzia kwenye kona ya tundu la dirisha. Vipande vilivyoopolewa baharini Elba vilithibitisha jambo hilo hilo. Metali ilikuwa imechoka. Comet 4 iliyofuata ilipewa ganda nene zaidi na madirisha ya mviringo. Mwaka 1960 East African Airways ilianza kutumia ndege za aina hiyo kati ya Nairobi na London.

Majaribio mawili mepesi

Mkasa huu usisimuliwe tu, utendwe. Kila mwanafunzi apewe kipande cha waya chenye urefu sawa, akikunje na kukinyosha huku akihesabu mpaka kikatike. Mkunjo mmoja haukidhuru kwa macho; jumla yake hukiua. Darasa litafute wastani.

Halafu zikatwe karatasi mbili zinazolingana. Moja ikatwe ukingoni pengo lenye kona kali, nyingine pengo la mviringo lenye kina sawa. Zivutwe taratibu kutoka pande zote mbili. Ile ya kona kali itaelekea kuchanika mapema, tena kuanzia konani. Sasa wanafunzi waulizwe kwa nini madirisha ya ndege hayana kona kali. Jibu watalitoa wenyewe.

Mwisho wa vipindi hivi ndipo mfano wa kutazamwa utakapochongwa: Comet yenye injini zilizofichwa katika mashina ya mabawa. Mtoto atakapozungusha kisu kando ya dirisha dogo, atajua lile umbo lilitokana na nini.

Twamshauri mwanachuo aichonge na kuirusha ndege hii kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na aandike kila mrusho katika daftari lake. Ndege ikianguka mbele ya darasa, asiseme kwamba ni upepo ikiwa hakuna upepo. Aseme, "Sijui bado, tujaribu." Watoto wakimsikia mwalimu wao akisema hivyo, kisha wakamwona akibadili jambo moja tu na kurusha tena, watakuwa wamepata somo ambalo watu 56 walilipiwa kwa uhai wao.