KUFUKIA MASHIMO YA DHAHABU NA KUREJESHA MITI

Mkulima wa Nzega, huenda katika shamba lako yamo maduara waliyoyaacha wachimbaji wa dhahabu. Wao wamekwenda zao. Wewe umebakia na mashimo, na vifusi vyekundu visivyoota hata jani moja, na hofu kwamba siku moja ng'ombe atatumbukia, au mtoto. Ardhi hiyo yaweza kurudishwa, ila si kwa haraka.

Hapo Lusu mgodi mkubwa wa Golden Pride ulifunguliwa mwaka 1999, ukafungwa baada ya miaka ipatayo 15. Mgodi wa namna hiyo una mitambo ya kusawazisha vilima vya mawe. Wewe una jembe na toroli, basi anza na shimo moja lililo fupi. Duara refu lenye njia za chini usilikaribie, maana kingo zake huporomoka. Lizungushie boma la minyaa mbali kidogo na ukingo, ukatoe habari kwa serikali ya kijiji. Utomvu wa minyaa huunguza macho, kwa hiyo ukate kwa uangalifu.

Shimo fupi hutiwa mawe kwanza, kisha kifusi chekundu, na juu kabisa udongo mweusi. Lifanye liwe na kichuguu, kwa kuwa mvua za masika ya kwanza zitalididimiza. Penye mteremko piga matuta ya kukinga maji, kama ufanyavyo katika shamba la mahindi.

Huo udongo mweusi, wenye unene wa shubiri hivi, ndio mali yenyewe. Miyombo na mitundu huishi kwa kushirikiana na ukungu mwembamba ulio udongoni, unaoilisha mizizi yake. Mche uliopandwa katika kifusi kitupu hudumaa. Ikiwa udongo wako umekwisha kuchanganyika na mawe, chukua vikapu vichache vya udongo wa chini ya miyombo mizima, uutawanye. Na mchimbaji akija kukuomba ruhusa, sharti lako la kwanza liwe kwamba udongo wa juu uwekwe kando, peke yake.

Sasa jambo la hatari. Penye mialo, yaani mahali walipooshea dhahabu kwa zebaki, usipande mchicha wala mboga yo yote. Zebaki haiozi. Usiuchote mchanga wake kwenda kuutia shambani, wala usiwaachie kuku na watoto kuuchezea. Acha majani yafunike mahali hapo, pasiwe pa chakula.

Wengi hutaka kupanda miembe mara moja, kwa kuwa waiona ile ya Tabora na ya Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, ikumbushayo siku za misafara ya pwani. Mimi pia naipenda. Lakini miembe ile ilipandwa penye makao ya watu, si juu ya vifusi. Kwa kifusi, tangulia na migunga: loweka mbegu katika maji ya moto, ziache usiku kucha, kisha zipande mvua za Novemba zikishika. Mizizi yake huongeza rutuba.

Tena usidhani kwamba kila mti sharti upandwe. Jirani zenu wa Shinyanga, katika kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga tangu 1986 hata 2004, walifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi. Visiki na mizizi ya zamani ikachipua yenyewe. Basi tazama kando ya shimo lako: penye kisiki hai, chagua machipukizi mawili yaliyonyoka, mengine uyakate.

Adui wakubwa ni ng'ombe na moto. Ng'ombe wazuie miaka mitatu ya kwanza. Kabla ya Julai, lima njia ya moto ya upana wa hatua sita kuzunguka mahali pote, ukailime tena kila mwaka mpaka miti ikupite kimo.