Gari ya familia Darsait: injini kwanza, mapambo baadaye

Wasomaji wetu wa Darsait wanaotafuta gari ndogo ya milango mitano, iliyotumika mwaka mmoja au miwili, waanze na injini. Zamani petroli ilikuwa rahisi hapa Oman na wengi hawakujali. Tangu ruzuku ya mafuta ilipoondolewa Januari 2016, injini kubwa huuma mfukoni kila mwezi.

Hata hivyo, ndogo kabisa hatuishauri. Kiangazi cha Muscat hupindukia nyuzi 40, na kiyoyozi hula nguvu ya injini hiyo hiyo. Gari ya cc 1200 yenye watu watano na mizigo, safari ya Nizwa ya kilomita 160 hivi, vilima itavipanda kwa kuhema. Cc 1500 au 1600 zinatosha. Kubwa zaidi haitakufikisheni Jabal Akhdar, kwani polisi wa Birkat al-Mouz huruhusu gari zinazovuta magurudumu yote manne tu.

Kuhusu madaraja ya gari, rimu za kung'aa na viti vya ngozi viacheni. Fedha hizo lipieni mifuko ya hewa ya pembeni na matundu ya kiyoyozi huko nyuma, wanakokaa watoto.