Sunday Manara: kiungo aliyefika Dubai kabla ya Kariakoo

Muulize kijana yeyote wa Dar es Salaam ni Mtanzania gani aliyefungua njia ya soka la kulipwa Ulaya, naye haraka atakutajia Mbwana Samatta, aliyejiunga na Genk ya Ubelgiji Januari 2016 na miaka minne baadaye akavaa jezi ya Aston Villa ya Uingereza. Samatta anastahili kila sifa anayopewa. Lakini njia hiyo ilikwishapitwa na mtu karibu miaka 40 kabla yake, na mtu huyo hakuishia Ulaya. Alipita Uholanzi, Marekani na Austria, kisha akaja hapa Dubai kuichezea klabu ya Al Nasr.

Huyo ni Sunday Manara, kiungo mshambuliaji aliyepachikwa jina la 'Kompyuta'. Wapo wapenzi wengi wa kandanda leo wanaomfahamu zaidi mwanawe Haji, aliyekuwa msemaji wa Simba kabla ya kuhamia kwa watani wao Yanga mwaka 2021. Sisi tulio huku nje tunaona ni haki kumkumbuka baba, kwa sababu safari yake inafanana mno na safari za wengi wetu.

Katika nyumba ya akina Manara mpira ulikuwa kama urithi. Kaka yake Kitwana, maarufu kwa jina la 'Popat', alianza akiwa golikipa na baadaye akageuka kuwa mshambuliaji, jambo ambalo ni wachache mno wamewahi kuliweza katika ngazi ya juu. Ndugu yao Kassim naye alisakata soka hadi Austria. Ndugu wote watatu walipita Yanga, na Sunday ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote.

Jina lake liliingia katika historia ya watani wa jadi tarehe 10 Agosti 1974. Siku hiyo Yanga na Simba zilikutana katika Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kugombea ubingwa wa taifa. Simba walitangulia kwa bao la Adam Sabu na wakalilinda hadi zikabaki dakika chache tu, ndipo Gibson Sembuli akasawazisha. Mchezo ukaingia muda wa nyongeza, na hapo Sunday akafunga bao la pili lililowapa Wanajangwani ubingwa. Hadi leo wazee wa klabu zote mbili wanausimulia mchezo huo, mmoja akicheka na mwenzake akinuna.

Kuna jambo la kufurahisha kuhusu hilo jina la 'Kompyuta'. Mwaka huohuo wa 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Watu waliomshangilia kwa jina hilo, walio wengi hawakuwahi kuiona mashine yenyewe. Walichojua ni kwamba ni kitu kinachopiga hesabu haraka kuliko binadamu, na kiungo wao alikuwa akiamua pasi kabla beki hajajua mpira uko wapi.

Mwaka 1976 Yanga ilipasuka kwa ugomvi wa ndani, na kundi la wachezaji na wanachama likatoka kwenda kuanzisha Pan African. Mwaka uliofuata Sunday akaondoka nchini na kujiunga na Heracles ya mji wa Almelo, Uholanzi, iliyokuwa ikicheza daraja la pili.

Msomaji wa leo aliyezoea mawakala na usajili wa kwenye simu ni vyema akumbuke hali ilivyokuwa. Soka la Tanzania lilikuwa la ridhaa. Mchezaji aliajiriwa katika shirika la umma, akafanya kazi yake na jioni akaenda mazoezini. Fedha za kigeni zilikuwa adimu na kusafiri nje halikuwa jambo la mtu kuamka asubuhi na kuamua. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo mabao na pasi za Almelo hazikuonekana nyumbani. Mtu aliyekuwa akitajwa redioni kila Jumapili alipanda ndege, na kwa mashabiki wake ikawa kama ametoweka.

Kutoka Uholanzi alivuka bahari hadi Marekani, akachezea New York Eagles. Hii si ile New York Cosmos ya Pele iliyokuwa ikijaza viwanja, bali klabu ndogo ya ligi nyingine, American Soccer League, ambayo haikuwa na fedha wala kelele za jirani yake. Kisha akarudi Ulaya, safari hii katika klabu ya Sankt Veit, mji mdogo wa jimbo la Carinthia kusini mwa Austria. Si majina makubwa hayo. Lakini kila mahali palikuwa na lugha nyingine, baridi nyingine na kocha mwingine asiyejua Yanga ni nini, na kila mahali ilibidi aanze upya kuonyesha kwamba anajua mpira.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akatua Dubai. Al Nasr, iliyoanzishwa mwaka 1945, ndiyo klabu kongwe kuliko zote katika Falme za Kiarabu, na wakati huo ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa wa ligi misimu miwili mfululizo, 1978 na 1979. Kuanzia 1980 hadi 1984 kocha wake alikuwa Don Revie, yule Mwingereza aliyeijenga Leeds United na kisha kuiacha timu ya taifa ya England mwaka 1977 ili aje kuifundisha timu ya taifa ya Falme za Kiarabu kwa mshahara uliowakasirisha sana Waingereza wenzake. Mwaka uleule ambao Revie alitoka Uingereza kuja huku, Sunday alitoka Dar es Salaam kwenda Almelo. Mmoja aliitwa msaliti na magazeti ya kwao, mwingine magazeti ya kwao hayakuwa na njia ya kumfuatilia.

Dubai hiyo haikuwa hii ya maghorofa marefu. Watu wa mwambao waliijua tangu zama za majahazi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia kadhaa za Zanzibar zilipata hifadhi huku. Lakini mfanyabiashara wa Kariakoo anayeshuka Deira kununua vitambaa, simu na vipuri alikuwa bado hajaja. Alianza kumiminika baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, 1983, kukutwa na shehena ya bidhaa adimu kulitosha kumpeleka mtu ndani kwa uhujumu uchumi. Sunday alikuwa ametangulia, na bidhaa yake ilikuwa miguuni.

Mlango huo haukukaa wazi. Baadaye katika miaka hiyo ya 1980 Falme za Kiarabu zilifunga ligi yao kwa wachezaji wa kigeni, ili vijana wenyeji wapate nafasi. Huwezi kusema walikosea, kwani mwaka 1990 walifika fainali za Kombe la Dunia nchini Italia. Walifungwa michezo yote mitatu, lakini walifika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mlango ukafunguliwa tena, na baadaye wakaja akina George Weah na Fabio Cannavaro kumalizia soka lao huku. Mwaka 2020 walifika mbali zaidi, wakawapa uraia wachezaji waliozaliwa Amerika Kusini kama Fabio de Lima na Sebastián Tagliabue ili waichezee timu ya taifa.

Hapo ndipo tunapoona somo kwa kila mmoja wetu anayekula jasho lake ugenini. Mlango ni wa mwenye nyumba. Anaufungua anapokuhitaji na anaufunga anapotosheka, na ubora wako hauna kauli katika hilo. Kwa hiyo cha mgeni kinachobaki ni kile alichokifanya akiwa ndani, na kile ambacho watu wa kwao wanakikumbuka.

Na nyumbani tumekumbuka kidogo mno. Viungo wengine walikuja kupita njia hizohizo. Nizar Khalfan alicheza Kuwait, kisha mwaka 2009 akaenda Vancouver Whitecaps ya Canada. Himid Mao alihamia Misri mwaka 2018. Novatus Dismas amecheza Israel, Ubelgiji, Ukraine na Uturuki, na akiwa na Shakhtar Donetsk alicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kila mara kijana mmoja anapoondoka tunashangilia kana kwamba ni wa kwanza, na kila mara anaanza bila kuambiwa yaliyowakuta waliotangulia: mkataba usomweje, baridi ihimiliwe vipi, mtu afanye nini klabu inapombadilikia.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Sunday Manara alitangulia na akafika, katika nchi nne, bila wakala na bila kamera. Klabu zetu zina makatibu na wasemaji, na shirikisho lina ofisi. Kazi ya kukaa na wachezaji wa kizazi kile, kuandika tarehe, timu na mishahara yao, haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kalamu na mtu wa kusikiliza, na inahitaji ifanywe wazee wetu wakiwa bado wanaweza kusimulia.